Jaji mtarajiwa akiulizwa kuhusu utoaji mimba: tushike majibu yake au hukumu zake?

MwalimuArua

Wakubwa shikamoni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya mdahalo katika shule moja ya kanisa hapa Arua. Muhula huu wanafunzi wa kidato cha tano wamejitungia mada wenyewe, na wameshika kaa la moto: "Anayependekezwa kuwa jaji alazimishwe kutaja msimamo wake kuhusu utoaji mimba kabla ya kuidhinishwa." Nikampelekea padre. Akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena, akasema, "Wafanye, mwalimu, ila wasitukanane." Basi ruhusa ipo.

Mfano waliouchagua ni Amy Coney Barrett, aliyependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sababu mahojiano yake mbele ya kamati ya Seneti, Oktoba 2020, yanapatikana mtandaoni mwanzo hadi mwisho. Tumeyatazama vipande vipande kwenye simu yangu, watoto wamelaliana mabegani. Kilichowachekesha ni pale seneta Cornyn alipomwomba aonyeshe kilichoandikwa kwenye karatasi zilizokuwa mbele yake. Akainua kijidaftari kitupu. Hakuna kitu ila jina la Seneti juu ya ukurasa. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Huyo ndiye mtahiniwa!"

Kisha tukafika kwa seneta Klobuchar. Alimuuliza kama Roe v. Wade, hukumu ya 1973 iliyotambua haki ya kutoa mimba, ni miongoni mwa zile hukumu ambazo hakuna tena anayefikiria kuzigusa. Barrett akajibu kwamba kwa anavyoelewa yeye Roe haimo katika kundi hilo, kwa kuwa watu bado wanaigombania, lakini hiyo haina maana kwamba ifutwe. Maswali mengine ya namna hiyo aliyapangua kwa adabu. Tarehe 26 Oktoba Seneti ikamwidhinisha kwa kura 52 dhidi ya 48. Tarehe 24 Juni 2022 alikuwa mmoja wa majaji watano walioifuta Roe, katika kesi ya Dobbs iliyotoka Mississippi.

Msichana mmoja akasimama: "Mwalimu, kwa hiyo alidanganya?" Nikamwambia tutalirudia wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo hii, na jibu sina.

La pili nauliza kwa niaba yangu mwenyewe. Huku kwetu orodha ya majaji ikipelekwa Bungeni tunachokiona gazetini ni majina na picha zao wakiwa wamevaa suti. Mtu wa kawaida, asiye na wakili, anaweza kujua jaji fulani ana mwelekeo gani katika mambo ya uzazi? Au mada hii ni ya Wamarekani na mimi nawapotezea watoto muda?

KaraniMstaafu

Marahaba, mwalimu. Nilikaa rejista ya mahakama Kampala tangu enzi za taipureta, nikipokea mafaili, nikigonga mihuri, nikifunga utepe. Sheria sikuisomea. Ila ukipitisha hukumu mikononi kwa miaka mingi unafika mahali unamjua mwandishi kabla hujafika kwenye sahihi. Kuna jaji nilimjua kwa namna alivyoogopa kumaliza sentensi.

Huyo binti mwambie hivi: mama yule hakudanganya, na pia hakuna alichomwambia mtu. Wale maseneta walijua hivyo, naye alijua kwamba wanajua. Siku zile za mahojiano watu hawaendi kutafuta habari, wanakwenda kupigwa picha. Habari zilikuwa zimeshaandikwa.

Nitakutajia zilizoandikwa, maana ndizo watoto wanapaswa kuzishika. Mwaka 2006, akiwa mwalimu wa sheria chuo kikuu cha Notre Dame, alitia sahihi tangazo la gazeti lililopinga utoaji mimba wa hiari na kutetea uhai tangu kutungwa kwa mimba. Hilo ni la raia, na raia ana haki yake. Mimi naliweka upande mmoja. Linalonihusu ni la baada ya 2017, alipokuwa jaji wa rufaa. Mwaka 2018 lilikuja suala la sheria ya Indiana: kipengele kimoja kilikataza kutoa mimba kwa sababu ya jinsia, rangi au ulemavu wa mtoto, kingine kiliagiza mabaki yazikwe au yachomwe. Jopo dogo lilikuwa limeitangua. Ikaombwa majaji wote wa mahakama ile wakae waisikilize upya, ombi likakataliwa. Barrett akajiunga na wachache waliotaka isikilizwe. Mwaka uliofuata, kwenye sheria nyingine ya Indiana, ya kuwaarifu wazazi wa msichana mdogo, tena akawa upande wa walioona kesi isikilizwe upya. Mtu akisimama na wachache mara ya kwanza unaweza kusema ni bahati. Ya pili, kwenye jambo lilelile, unaanza kuandika pembeni kwa penseli.

Lakini usiwafiche na hili, maana upande wa pili utalileta: mwaka 2019 alijiunga na hukumu iliyoacha sheria ndogo ya Chicago iendelee kusimama, ile inayowazuia wapingaji wasiwasogelee wanawake karibu na milango ya kliniki. Kwa nini? Kwa sababu Mahakama ya Juu ilikuwa imeshakubali sheria ya namna hiyo, na jaji wa rufaa hana mamlaka ya kuipindua. Hapo ndipo penye siri yote, mwalimu. Jaji wa chini amefungwa kamba na wa juu. Ukimpandisha, kamba imekatwa. Kwa hiyo swali la maana kwa mtu anayepandishwa si alihukumu nini akiwa amefungwa, ni alikuwa anavutia upande gani. Na mvuto huo utauona pale alipokuwa huru kidogo: kwenye hukumu za kupinga, na kwenye kura za kutaka kesi isikilizwe tena.

Na kwa nini wananyamaza? Mwaka 1987 alipendekezwa Robert Bork. Yeye alijibu. Alieleza falsafa yake yote kama profesa, Seneti ikamkataa, 58 kwa 42. Waliofuata wakajifunza. Mwaka 1990 akaja David Souter, ambaye kuhusu Roe hakuwa ameandika chochote cha kushikika. Rais aliyemteua alikuwa wa chama kinachopinga utoaji mimba, na mwaka 1992 huyo huyo Souter, pamoja na majaji wenzake O'Connor na Kennedy, wakaandika hukumu ya Casey iliyolinda kiini cha Roe. Kimya kile kilimponza hata aliyemteua! Tangu hapo wanaotafuta majaji kule wanataka mtu mwenye maandishi, halafu siku ya mahojiano wanamtaka asiyataje.

Ruth Bader Ginsburg ndiye wa pekee kwa macho yangu. Mwaka 1993 alikataa kudokeza angeamuaje kesi zijazo, lakini kuhusu utoaji mimba alisema waziwazi kwamba uamuzi wa kuzaa au kutozaa ni kiini cha utu wa mwanamke. Alikuwa ameshaandika hayo miaka mingi, angeficha nini? Wakamwidhinisha kwa 96 dhidi ya 3. Nyakati zile zilikuwa nyingine.

Ya Uganda nitayarudia baadaye, mjukuu anataka simu.

MziziWaMalaba

Mzee Karani, heshima yako. Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani, mambo ya majaji siyajui. Ninachojua ni kwamba Wamarekani wakipiga chafya huko sisi tunashikwa na mafua. Walipofuta hiyo Roe ndipo mradi mmoja wa uzazi wa mpango uliokuwa ukiwahudumia madereva na wanawake wa hapa ukaanza kukata wafanyakazi. Kwa hiyo mwalimu, mada ni yetu pia.

KaraniMstaafu

Mzizi, mafua ni ya kweli, lakini chafya ni ya mtu mwingine. Dobbs haina nguvu nje ya Marekani. Ilichofanya ni kuyarudishia majimbo yao mamlaka ya kuamua. Kinachokata fedha za miradi huku ni agizo la rais, lile la Mexico City, lililoanza na Reagan mwaka 1984: shirika la nje likitaka fedha za msaada za Marekani lisitoe mimba wala kuwaelekeza watu zinakotolewa, hata kwa fedha zake lenyewe. Rais wa chama hiki akiingia analirudisha, wa chama kile analifuta. Trump 2017, Biden akalifuta 2021, Trump akalirudisha Januari 2025. Hakuna jaji aliyeulizwa hapo.

Sasa Uganda. Mwalimu, hukuwapotezea watoto muda.

Ibara ya 142 ya Katiba inasema majaji wa Mahakama Kuu, ya Rufaa na ya Juu wanateuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, kisha Bunge linaidhinisha. Kazi hiyo ya Bunge inafanywa na Kamati ya Uteuzi, Spika akiwa mwenyekiti, na milango imefungwa. Ndiyo maana unaona picha za suti: waandishi wanawakuta watu kwenye korido. Alichoulizwa mle ndani, kama aliulizwa, hukipati.

Lakini hukumu zetu si siri. Ingia kwenye tovuti ya ULII, inayoweka hukumu za Uganda, bure, andika namba: Ombi la Kikatiba namba 16 la mwaka 2011. Wewe uko Arua, kesi hii ni ya kwenu nusu yake. Kina mama wawili walifariki wakijifungua katika hospitali za serikali, mmoja Mityana, mwingine hapo Arua, ambaye alikuwa diwani wa wilaya. Shirika la CEHURD, la kutetea haki za afya, pamoja na ndugu wa marehemu wakamshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali: kukosekana kwa vifaa na huduma za msingi kwa wazazi kunavunja haki ya kuishi na ya afya.

Upande wa serikali ukaleta pingamizi la awali: hili ni suala la kisiasa, bajeti ni ya Bunge na Baraza la Mawaziri, mahakama isiliguse. Mwaka 2012 majaji watano wa Mahakama ya Katiba wakakubali. Ombi likatupwa, ushahidi haujasikilizwa. Wenyewe wakakata rufaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema hapana, Katiba imewapa kazi ya kuifasiri, rudini mkasikilize. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba, majaji wengine sasa, ikasikiliza na wote kwa pamoja wakaona haki zilivunjwa, ikaamuru familia zilipwe na serikali itenge fedha za kutosha kwa afya ya wazazi.

Mahakama ileile, faili lileile, Katiba ileile. Kilichobadilika ni amri ya Mahakama ya Juu na watu walioketi. Haimo mimba iliyotolewa hata moja mle ndani, na bado ukitaka kujua jaji wa Uganda atafanya nini siku suala la kutoa mimba litakapomfikia, anzia hapo. Tazama kama ni wa kufunga mlango kwa kusema "hii ni siasa" au ni wa kusema "leteni ushahidi". Kwa sababu siku hiyo itafika. Ibara ya 22(2) inasema hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kama itakavyoruhusiwa na sheria. Katiba ni ya 1995. Sheria yenyewe, ile ya kueleza ni lini na na nani, Bunge halijaitunga. Kilichopo ni Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Mwingereza. Pengo kama hilo lazima siku moja jaji aambiwe alizibe.

MkungaBusia

Nimewasoma wote kwa heshima. Mimi ni mkunga wa kituo cha afya daraja la tatu, wilaya sitaitaja sana, jina langu la humu linatosha.

Wanaume mnapenda mahakama. Mimi nawaambia ninachokiona saa nane za usiku. Boda inasimama, msichana anashuka amejifunga leso mbili, ya juu imeshalowa. Anayemsindikiza ni rafiki, mama mzazi hajui. Ninamuuliza kimetokea nini. "Nimeanguka nikitoka kisimani." Wote wameanguka wakitoka kisimani! Hata wanaokaa penye maji ya bomba. Ninapima presha, ninaweka dripu, ninaangalia kama kuna kilichobaki. Kwenye kitabu cha rejista kuna safu ya sababu. Naandika "mimba imeharibika", ambalo si uongo, kwa sababu imeharibika.

Kumhudumia huyo mimba ikishaharibika kunaruhusiwa, tena ni wajibu wangu. Hapo hakuna ubishi wa kisheria hata kidogo. Lakini wiki moja alikuja bwana mmoja hajavaa sare, akasema ametumwa kukagua rejista, tena anataka ya wodi ya wazazi tu. Mkuu wa kituo akamwambia rejista imepelekwa wilayani. Ilikuwa chini ya sanduku la chanjo, nimeikalia. Tangu siku hiyo mwenzangu mmoja akiona damu anamwandikia mgonjwa rufaa papo hapo. Gari la wagonjwa halina mafuta, boda hadi hospitali kubwa ni fedha ambazo yule msichana hana. Huyo mwenzangu si mtu mbaya. Anayo familia, na anazikumbuka namba: kwa hesabu za zamani za Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 141, anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, miaka 14. Kifungu cha 142, mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 143, anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika hivyo, miaka 3. Kifungu cha 224 kinachomlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, hicho hakikumbuki mtu. Hakuna aliyewahi kuja kutufundisha hicho.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitoa miongozo ya kupunguza vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama. Ilieleza nani ahudumiwe na nani, ngazi gani. Viongozi wa dini wakapiga kelele, miongozo ikasimamishwa. Nakala tuliyokuwa nayo sijui nani aliichukua. Kenya nao walikuwa na miongozo yao, wizara yao ikaiondoa, watu wakaenda mahakamani, na Juni 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kuiondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Mimi naishi mpakani. Ng'ambo ya geti ni Katiba nyingine, na damu ni ileile.

Kwa hiyo mwalimu, wape watoto na hizi hesabu. Utafiti wa 2013 ulikadiria zaidi ya mimba 300,000 zinatolewa Uganda kwa mwaka, na wanawake zaidi ya 90,000 wakatibiwa madhara yake. Vifo vya wazazi vimeshuka, namshukuru Mungu na wakunga: 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za kitaifa za 2016, zikawa 189 katika za 2022. Kushuka huko hakukuletwa na jaji. Kumeletwa na damu salama, dawa za kuzuia kutokwa na damu, na mtu wa kukaa na mama usiku.

Lakini mzee Karani umenigusa hapo kwa "leteni ushahidi". Miaka tisa tangu ombi lifunguliwe mpaka hukumu! Majaji waliofunga mlango mwaka 2012 walituchelewesha. Majina yao ningependa kuyajua kabla hawajapandishwa cheo, sio baada.

BabaBombo

Asalaam aleikum. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili nilinyonya kambini. Sitaki kuficha: kwangu mimba ni amana, na Ibara ya 22 naiona iko sawa kama ilivyo. Dada Mkunga, ulichokieleza kimenisikitisha, na huyo bwana asiye na sare alikosa adabu. Mgonjwa anatibiwa kwanza. Hata kwetu hilo halina mjadala.

Ila kwenye mada ya watoto mimi niko upande wa wanaopinga, na hoja yangu haihusu mimba. Chukua mtu kama mimi. Nikimbana jaji mtarajiwa anihakikishie atalinda Ibara ya 22 nitakavyo mimi, akakubali, akapita. Kesho Dada Mkunga ameshitakiwa, kesi imeangukia kwa jaji huyo. Atasikilizwa na nani? Ibara ya 28 inampa haki ya mahakama huru isiyo na upendeleo. Hukumu imeshauzwa kwangu kwenye kamati. Na nikiruhusiwa mimi kuinunua, ataruhusiwa na mwingine mwenye fedha kuliko mimi, na hatanunua ya mimba, atanunua ya ardhi. Ninyi mnaijua Uganda.

Lakini na milango kufungwa siikubali. Kenya wanafanya usaili wa Jaji Mkuu wao hadharani, runinga inaonyesha. Mwaka 2021, wakati wa kumtafuta aliyekuja kuwa Jaji Mkuu Koome, tuliutazama kwenye duka la kinyozi hapa, wateja walikuwa wananyolewa shingo zimegeuka. Na 2011, Willy Mutunga, walimuuliza hadi kuhusu kipini cha sikioni. Akasema hakivui, hata kama kitamkosesha kazi. Sikupenda kile kipini, ila nilimjua mtu. Sasa huku kwetu jaji wa Rufaa anakaa mpaka miaka 70, na mimi simjui hata kwa kipini.

MkungaBusia

Baba, hoja yako ya ardhi imenishinda. Nimekubali asiahidi. Lakini aulizwe basi kuhusu alichokwisha kuandika. Hiyo si ahadi, ni kazi yake ya jana.

BabaBombo

Hapo tumeelewana, dada. Aulizwe na ajibu mbele ya watu.

KaraniMstaafu

Baba Bombo, unazungumza kama uliyewahi kukaa rejista. Niongeze moja tu, ili mwalimu asiende kuwaambia watoto kwamba maandishi ya mtu ni unabii. Brett Kavanaugh, jaji mwenzake Barrett, kabla ya kupandishwa Mahakama ya Juu 2018, alikuwa na kesi iliyosemwa sana: mwaka 2017 msichana mhamiaji aliyekuwa mikononi mwa serikali huko Texas alitaka kutoa mimba, Kavanaugh akataka asubirishwe kwanza atafutiwe mdhamini. Wenzake wakampinga, yeye akaandika hukumu ya kupinga. Ukilisoma hilo, kura yake ya Dobbs haikushangazi. Lakini Juni 2024 ilipokuja kesi ya madaktari waliotaka dawa ya kutoa mimba iwekewe vizuizi nchi nzima, aliyeandika hukumu ya kuitupa ni huyo huyo Kavanaugh, na wote tisa wakakubaliana: hawa madaktari haijawadhuru, hawana haki ya kushitaki. Mlango, mwalimu. Safari hii umefungwa na kuwafaa wengine. Ndiyo maana nasema watoto wausome mlango kwanza, halafu mimba.

MwalimuArua

Asanteni sana, na Dada Mkunga, Mungu akulinde na hao wasio na sare.

Nimeongea na padre leo mchana. Nimemweleza ya Baba Bombo kuhusu hukumu kuuzwa kwenye kamati, akacheka mpaka akakohoa. Mada tunaibadilisha kidogo: badala ya "alazimishwe kutaja msimamo wake" itakuwa "ahojiwe hadharani kuhusu hukumu alizokwisha kuandika". Yule binti amelalamika kwamba tumeilegeza. Nikamwambia basi yeye ndiye aongoze upande unaodai hivyo.

Nilichofikiria: Jumatano niwape hukumu mbili za lile Ombi namba 16, ya 2012 na ya 2020, nikiwa nimefuta majina na tarehe, waniambie ni majaji wa aina gani walioandika, na wangetaka kuwauliza nini. Siwaambii kwamba mmoja wa wale mama alikuwa wa hapa. Kuna watoto ambao wazazi wao walimjua, watagundua wenyewe.

Mzee Karani, nimezifungua kwenye ULII. Ya 2020 ni ndefu mno. Shule ina printa moja na bursa ana roho ngumu.

KaraniMstaafu

Usichapishe yote. Ya 2012 chapa kuanzia pale wanapolijadili pingamizi. Ya 2020 majaji kadhaa wameandika kila mmoja yake, chukua ya kwanza peke yake, ruka viapo na maelezo ya mawakili, anzia pale jaji anapoorodhesha masuala ya kuamuliwa. Bursa mwambie ni nakala za mtihani.

Na jina la jaji liko pia kwenye kichwa cha kila ukurasa wakati mwingine, si kwenye sahihi peke yake. Likague kabla hujagawa.